Mwenye Funguo Zote Hawezi Kuwa Shahidi

Pendekezo lenyewe ni fupi. Katika Sacco na vyama vya akiba vya Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, seva inayobeba kumbukumbu za wanachama iwekewe vidhibiti vya lazima vya ufikiaji, ili hata msimamizi wa mfumo, yule anayeingia kwa akaunti ya ruti, asiweze kusoma, kunakili wala kubadilisha faili za hifadhidata. Awashe huduma na kuizima, aweke viraka vya usalama, abadilishe diski iliyokufa. Yaliyomo ndani ya faili yasimhusu.

Katika mpangilio wa kawaida wa Linux, mwenye faili ndiye anayeamua nani aisome, na ruti yuko juu ya wenye faili wote. Katika mpangilio wa lazima, kanuni huandikwa mapema, kila faili na kila programu hupewa lebo, na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huzilinganisha lebo hizo kila mara kitu kinapotaka kufunguliwa. Lebo zisipopatana, hapafunguki, awe ruti au awe nani. Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni SELinux.

Upinzani umekuwa mkali, na hoja zake mmezisikia: kwenye vikao vya kamati, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanachama, na kutoka kwa vijana wa kompyuta wenyewe. Nitazichukua moja moja na kuzieleza jinsi wenyewe wanavyozieleza, kisha ninyi mwamue. Ombi langu ni moja tu: msisahau hoja ya nne mnaposikiliza ya tano. Wapinzani wanategemea sana muisahau.

Wanaanza na heshima. Msimamizi wetu, wanasema, ni kijana wa hapa hapa mtaani, amefanya kazi kwa miaka bila doa, na kumfungia faili ni kumwita mwizi mbele ya watu. Hoja hii ina mvuto kwa sababu mara nyingi sehemu yake ya kwanza ni kweli. Lakini hundi ya Sacco haitoki kwa saini ya mtu mmoja, na sijasikia mweka hazina akilalamika kwamba saini ya pili ni tusi kwake. Tumezoea kwamba pesa hulindwa na watu wawili au watatu, bila kujali tabia zao. Kumbukumbu zinazosema pesa hizo ni za nani ndizo tulizomwachia mtu mmoja, tukaliita jambo hilo uaminifu.

Isitoshe, akaunti si mtu. Katika sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, la mwaka 2015, lile la shilingi milioni 791, taifa zima lilikaa likisikiliza utetezi wa aina moja: neno langu la siri lilitumiwa na mwingine. Utetezi huo unaweza kuwa wa kweli au wa uongo, na hapo ndipo penye tatizo, maana akaunti iliyofungua kila kitu haiwezi kutuambia ni vidole vya nani vilivyoigusa. Keateka wa ploti anayeshika funguo za kila nyumba anaweza kuwa mwaminifu kuliko wapangaji wote. Siku televisheni ya mpangaji wa ghorofa ya tatu inapopotea, uaminifu wake haumfai kitu, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee pale asiyeweza kuonyesha kwamba hakuingia. Anayemtakia mema msimamizi wake angemwondolea funguo hizo leo.

Hoja ya pili: hakuna haja ya kufunga, kwa kuwa kila kitu kinaandikwa. Msimamizi akigusa faili, logi itaonyesha saa, akaunti na amri aliyotoa. Tutamwona. (Tutamwona nani? Yule kijana asiye na doa? Basi tuyaache hayo.) Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu angalau inakubali kwamba ushahidi unahitajika. Tatizo lake ni mahali ushahidi unapolala. Logi iko kwenye mashine ile ile, kwenye diski ile ile, na mwenye uwezo wa kuifuta ni ruti yule yule inayemchunguza. Na si lazima afute. Ruti anaweza kugeuka kuwa mtumiaji yeyote bila kuulizwa neno la siri. Kwenye seva nyingi za Ubuntu zenye hifadhidata ya PostgreSQL, mpangilio unaokuja na programu humruhusu ruti ajigeuze kuwa mtumiaji aitwaye postgres, na hifadhidata humpokea kama mkuu wake kwa sababu tu mfumo endeshi umesema huyu ndiye. Upande wa hifadhidata, kumbukumbu itasema postgres alibadilisha jina la mdhamini wa mkopo. Postgres si mwajiriwa wa Sacco yoyote ninayoijua, wala hana kitambulisho.

Wanaodhani nabuni hatari wakumbuke Septemba 2017. Mahakama ya Juu ilikuwa imebatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1, na siku chache baadaye ukavuja waraka wa ndani wa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, Wafula Chebukati, kwa ofisa mkuu mtendaji wake, Ezra Chiloba. Miongoni mwa maswali ya waraka huo: ilikuwaje akaunti yenye jina la mwenyekiti ikafunguliwa na kutumika katika miamala 9,934 bila yeye kujua? Kwa hoja yetu si lazima tuamue nani kati ya wakubwa hao alikuwa na haki. Inatosha kwamba swali liliweza kuulizwa. Mfumo uliogharimu mabilioni, wenye kumbukumbu za kila mbofyo, ulimfikisha mwenyekiti wake mahali pa kuuliza kwa barua ni nani aliyekuwa akijiita yeye.

Na kabla ya hapo, tarehe 28 Agosti, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeagiza upande wa walalamishi wapewe nafasi ya kusoma seva na logi za tume, kusoma tu, bila kugusa. Tume haikutimiza agizo hilo kikamilifu, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni usalama wa mfumo. Majaji walio wengi wakauhesabu ukaidi huo dhidi yake. Waamuzi wangu, angalieni kilichotokea pale: logi ambayo haiwezi kuonyeshwa kwa mtu wa nje ikaaminika iligeuka kuwa mzigo kwa mwenye kuishika. Kumbukumbu ina thamani ya ushahidi pale tu ambapo anayechunguzwa nayo hawezi kuifikia. Na ili ruti aweze kuongeza mstari kwenye logi lakini asiweze kufuta ulioko, unahitaji nini? Unahitaji kanuni ya lazima inayomshinda ruti, pamoja na nakala inayopelekwa papo hapo kwenye mashine nyingine asiyoifikia. Hoja ya pili, ili iwe kweli, inahitaji kile kile inachokipinga.

Hoja ya tatu ina sehemu mbili za kupita haraka. Moja inasema hifadhidata ina ruhusa zake: fulani anaona jedwali la mikopo, fulani haoni. Ni kweli, na ruhusa hizo zinamhusu anayebisha hodi kwenye hifadhidata. Faili zilizo chini yake hazina habari nazo. PostgreSQL, bila nyongeza, huandika majina na nambari za vitambulisho kwenye diski kwa namna ambayo amri ya kawaida ya kuchuja maandishi itazitoa zikiwa zinasomeka. Nyingine inasema diski imesimbwa. Vizuri, mwizi atakayeondoka na diski mkononi ataambulia chuma. Lakini seva ikiwa inafanya kazi, diski imeshafunguliwa, na ruti anasoma kama anavyosoma gazeti. Anayeleta usimbaji wa diski kama jibu kwa tatizo la msimamizi amejibu swali la mtihani mwingine.

Sasa ya nne, ile wanayoiona kuwa nyundo yao. Ruti ni ruti, wanasema. Huwezi kumfungia mwenye mfumo. Atazima SELinux kwa amri moja, atasoma diski mbichi bila kupitia faili, atapenyeza moduli kwenye kerneli, atachungulia kumbukumbu ya programu ya hifadhidata ikiwa hai. Vidhibiti vyenu ni pambo.

Ninakubali zaidi ya wanavyotarajia. Sera ya SELinux inayokuja na Red Hat na ndugu zake, ile inayolenga huduma chache, humwacha msimamizi huru karibu kabisa. Inamzuia mvamizi aliyeipenyeza programu ya hifadhidata asitoke nje ya eneo lake, lakini aliyeingia kama ruti kupitia mlango halali anatembea atakavyo. AppArmor, chombo cha aina hiyo kinachokuja na Ubuntu, nayo kwa kawaida huzibana programu, sio watu. Kwa hiyo Sacco inayosema "sisi tayari tunayo" bila kuandika sera yake yenyewe haina kitu, na wapinzani wako sahihi kuicheka.

Kutoka hapo kuruka hadi "haiwezekani" ni kuruka mto bila daraja. Kila njia waliyoitaja ina kanuni yake. Kuzima ulinzi mfumo ukiwa hai: ipo swichi ya sera, secure_mode_policyload, ambayo ikishawashwa hakuna anayeweza kubadilisha hali ya ulinzi wala kupakia sera mpya mpaka mashine iwashwe upya. Diski mbichi: ni faili maalumu yenye lebo kama faili nyingine, na wajibu wa msimamizi hauhitaji kuisoma. Moduli za kerneli: kupakia moduli ni ruhusa inayotolewa au kunyimwa. Kuchungulia mchakato wa programu nyingine: vivyo hivyo. Kujigeuza kuwa postgres: kubadilisha jina la mtumiaji hakubadilishi lebo uliyoingia nayo, na huo ndio msingi wa jambo lote. Sera ya marejeo ya SELinux ina hata majukumu yaliyotenganishwa tayari, la msimamizi wa mfumo, la msimamizi wa usalama, la mkaguzi na la msimamizi wa hifadhidata. Mtu wa kwetu hahitaji kuvumbua chochote. Anahitaji kuketi, kusoma, kupunguza ruhusa na kujaribu, na hiyo ni kazi ya majuma kadhaa ya mtu anayejua.

Linabaki tundu moja la kweli. Msimamizi mwenye kufikia mashine kwa mkono anaweza kuiwasha upya na kuagiza kerneli ianze bila ulinzi. Anaweza, isipokuwa mwanzo wa mashine nao umefungwa. Lakini pimeni tofauti. Leo ananakili kumbukumbu za wanachama wote saa nane usiku, na asubuhi hakuna dalili. Chini ya pendekezo hili, ili afanye hivyo ni lazima aizime seva: malipo ya M-Pesa yatakwama, simu za makarani zitalia, mashine ya pili itaandika saa ambayo ya kwanza ilinyamaza. Kitendo kilichokuwa cha kimya kimekuwa cha hadharani. Ulinzi kamili haujaahidiwa hapa na mtu yeyote. Kilichoahidiwa ni kwamba mwizi atapiga kelele.

Hoja ya tano ndiyo niliyowaomba muisubiri. Kazi itasimama, wanasema. Ijumaa jioni mwisho wa mwezi, makato ya mikopo yanaingia, mfumo unagoma, na msimamizi hawezi kugusa chochote kwa sababu mmemfunga mikono. Bakapu hazitafanyika. Marekebisho ya dharura hayatawezekana.

Simameni hapo. Dakika moja iliyopita vidhibiti hivi vilikuwa pambo ambalo ruti angeliondoa kwa amri moja. Sasa vimekuwa pingu zinazosimamisha Sacco nzima, na msimamizi yule yule aliyekuwa hazuiliki ameketi mbele ya kibodi hana la kufanya. Wachague. Ikiwa vidhibiti havimzuii ruti, havitamzuia kutengeneza mfumo Ijumaa jioni. Ikiwa vinamzuia, basi ile nyundo ilikuwa ya karatasi. Nimewasikia watu wakizitoa hoja hizi mbili katika pumzi moja, na kikao kikatikisa kichwa kukubali zote mbili.

Hata hivyo tuijibu yenyewe. Kuwasha na kuzima huduma hakuhitaji kusoma data. Kuongeza nafasi ya diski hakuhitaji kusoma data. Bakapu haihitaji msimamizi asome data: inaendeshwa na programu yenye lebo yake, inayosoma hifadhidata na kutoa faili iliyosimbwa kwa ufunguo ambao nusu yake ya kufungulia iko kwa maofisa wawili wa Sacco. Msimamizi anaibeba faili hiyo popote apendapo, na haimwambii neno. Dharura halisi, ile ya kuingia ndani ya jedwali na kurekebisha, inafunguliwa na watu wawili kwa pamoja, kwa muda maalumu, na inaandikwa kwenye mashine ya pili.

Kuhusu mifumo inayogoma, malalamiko hayo yana chanzo ninachokijua, na si cha ajabu. Mtu anahamisha faili za hifadhidata kutoka saraka yake binafsi kwenda saraka ya hifadhidata, zinakuja na lebo ya zamani, huduma inakataliwa kuzisoma, na mfumo hauwaki. Anatafuta mtandaoni, anakuta ushauri maarufu kuliko wote duniani kuhusu SELinux, yaani izime, anaizima, mfumo unawaka, naye anatangaza kwamba SELinux ndiyo iliyoharibu. Amri moja, restorecon, ingezirudishia faili hizo lebo yake kwa sekunde chache. Hapo kasoro ni ya mafunzo, na mafunzo yana bei inayojulikana.

Sita: sisi ni wadogo. Haya ni mambo ya majeshi na majasusi, hayafai kwa akiba ya mama mboga wa Kariobangi. Asili yake ni hiyo kweli. Bell na LaPadula waliandika kanuni zao mwaka 1973 kwa ajili ya siri za jeshi la Marekani, na SELinux ilitoka kwa shirika la ujasusi la NSA mwishoni mwa mwaka 2000. Lakini tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, simu za mfumo huo zinakuja na SELinux ikiwa imewashwa kikamilifu. Kondakta anayepokea nauli ya Umoja kwa M-Pesa kwenye simu ya bei nafuu ana vidhibiti vya lazima mfukoni. Sacco inayotunza akiba yake haina. Kama kuna anayeweza kueleza kwa nini simu inastahili na seva haistahili, kikao kimpe nafasi.

Na udogo haujawahi kumlinda mtu na uharibifu wa sajili. Kule Ruai, migogoro ya viwanja vya kampuni ya Embakasi Ranching imedumu miaka na miaka, na mojawapo ya sura zake kila mtu wa upande wetu anaijua: kiwanja kimoja, vyeti viwili, kila mshika cheti akiapa kwamba chake ndicho halali. Hizo zilikuwa karatasi na vitabu. Kitabu kilichochezewa angalau huacha wino wa rangi tofauti. Safu ya jedwali iliyobadilishwa na ruti haiachi hata huo.

Sheria nayo haiwaoni kuwa wadogo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeshika data za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutawala tangu usanifu wa mfumo, na data zikivamiwa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Tangu ajue! Sacco ambayo msimamizi wake anaweza kunakili kila kitu bila alama haitajua kamwe, na sidhani kwamba kutojua ndiko kutii sheria kulikokusudiwa. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna huyo ilitoza faini shule moja na kilabu kimoja hapa Nairobi, kila kimoja zaidi ya milioni moja, kwa kosa la kutumia picha za watu bila idhini. Picha tu.

Hoja ya saba inatolewa na watu wazima waliochoka na wizi, na ina uchungu wa haki. Wezi wa Sacco, wanasema, hawako kwenye seva, wako kwenye bodi. Tazameni KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini: ukaguzi uliotangazwa mapema mwaka 2025 ulitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3, hesabu zilizopambwa, na saini ya mkaguzi ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Ni ruti yupi aliyehusika hapo?

Sidai kwamba alikuwapo yeyote, wala sidai kwamba lebo za kerneli zingezuia saini ya marehemu. Wizi wa aina hiyo unahitaji wakaguzi walio hai na wasimamizi wa serikali walio macho. Lakini hoja hii, mkiifuata hadi mwisho wake, inageuka na kutuunga mkono. Ikiwa hatari iko juu, kwa wakubwa, basi mwulizeni kijana wa kompyuta: mwenyekiti akikuita ofisini na kukuagiza uondoe jina lake kwenye orodha ya wadhamini wa mkopo uliokufa, utamjibu nini? Leo jibu lake linategemea ushujaa wake na kodi ya nyumba anayodaiwa. Chini ya pendekezo hili ana jibu la neno moja, nalo ni la kweli: siwezi. Wanaosema wezi wako kwenye bodi, kisha wakakataa kumwondolea msimamizi uwezo ambao bodi ingeutumia, watuambie wanamlinda nani.

Nane: mnahamisha tu ufalme. Atakayeandika sera ya usalama atakuwa ruti mpya, na siku atakapogombana nasi atatufungia nje sote. Mfano wa kutufungia nje upo, na wapinzani wamekuwa wakiutaja bila kuusoma: San Francisco, Julai 2008, Terry Childs, mhandisi wa mtandao wa jiji, alikataa kutoa maneno ya siri ya mtandao aliousimamia. Alikaa kimya siku 12, nyingi zake akiwa korokoroni, hadi alipomkabidhi meya Gavin Newsom mwenyewe, na mwaka 2010 akatiwa hatiani. Lakini Childs hakuwa mmoja wa wawili waliogawana mamlaka. Alikuwa ndiye mtu mmoja mwenye funguo zote, yaani mpangilio ule ule tunaoambiwa tuuache kama ulivyo. Katika mgawanyo unaopendekezwa, anayeandika sera hasomi data, anayeendesha seva haandiki sera, na nakala ya sera iko kwa kamati ya usimamizi. Wakitaka kuiba, ni lazima wakubaliane. Kukubaliana kwaweza kutokea. Ndiyo maana hundi nazo huibiwa. Bado hatujarudi kwenye saini moja.

Ya mwisho ni ya wenye haraka: mfumo wetu uko kwenye wingu, mwuzaji anashughulikia yote, mjadala huu hautuhusu. Unawahusu kuliko wengine. Machi 2025 taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, kuhusu mfumo wa bima ya afya wa SHA, ule wa shilingi bilioni 104.8, ilieleza kwamba serikali haimiliki mfumo huo wala haina udhibiti wake. Ikiwa dola inaweza kujikuta mpangaji ndani ya data za raia wake, Sacco ya wanachama mia chache ina kila sababu ya kusoma mkataba wake. Kwenye hifadhidata ya kukodi huwezi kuweka SELinux kwenye mashine ya mwenye nyumba. Unachoweza ni kusimba safu nyeti, yaani vitambulisho, wadhamini na warithi, kabla hazijatoka kwako, ufunguo ukae kwako, na kuandika mkatabani kwamba mwuzaji ataonyesha nani wa kwake aliingia na lini.

Hayo ndiyo majibu, na hakuna sababu ya kuyakubali kwa maneno tu. Katika mkutano mkuu ujao wekeni projekta. Mtu aingie kwenye seva ya majaribio kama ruti, neno la siri likiwa halali kabisa, na ajaribu mambo matatu mbele ya wanachama: kunakili faili moja ya hifadhidata, kujigeuza kuwa postgres na kufungua jedwali la wadhamini, na kufuta mstari wa mwisho wa logi. Kwanza afanye hivyo kwenye seva iliyopangwa kama ilivyo yenu leo, kisha kwenye iliyopangwa kwa pendekezo hili, huku mashine ya pili, iliyo mezani pa kamati ya usimamizi, ikionyesha kila anapokataliwa. Wapinzani wawepo, na wachague wenyewe nani akae kwenye kibodi.